Kaka ametengwa, nami silali: je, nimepungukiwa imani?

*Swali:* "Shikamoo daktari. Nina miaka 26, nimezaliwa na kukulia katika kanisa ambalo ndilo maisha yetu yote. Nguo, nywele, muziki, marafiki, mtu wa kuoana naye, kila kitu kina utaratibu wake, na sikuwahi kuona ubaya kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Viongozi wetu ni watu wema. Baba alipofariki walisimama nasi mwaka mzima, mama hakukosa chakula wala mtu wa kukaa naye. Sitaki uwafikirie vibaya.

Mwaka jana kaka yangu alichumbia msichana asiye wa imani yetu. Aliitwa mbele ya wazee mara tatu, akakataa kumwacha, akatengwa. Tumekatazwa kula naye wala kumpigia simu, isipokuwa kwa msiba. Mama analia chumbani lakini anatii. Harusi ni mwezi ujao, na tumeambiwa atakayekwenda naye ajiandae kuitwa.

Nilimuuliza kiongozi wetu wa vijana, kwa adabu kabisa, imeandikwa wapi kwamba mama asile na mwanawe. Akanisomea kwamba kuasi ni kama dhambi ya uchawi, akasema roho hiyo imeanza kuniingia. Tangu siku ile silali. Nina daftari ninaloandika makosa yangu kila usiku ili niyaungame. Zamani ilikuwa mistari miwili mitatu, sasa ni kurasa. Juzi niliandika kwamba nilicheka kupita kiasi kazini. Nikisali napata nafuu kidogo, halafu hofu inarudi. Je, hofu hii ni Mungu ananionya? Au ni ugonjwa? Nikiondoka nitampoteza mama. Nikibaki, sijui kama nitabaki mzima."

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kilichonishika kwanza ni mpangilio wake. Umewatetea viongozi kabla hujasema kinachokuuma, na kutolala kwako umekupa maneno manne tu. Wengi wanaokuja ofisini kwangu na mzigo kama wako hufanya hivyohivyo. Wakilifikia jina la kiongozi wao sauti hushuka, wananong'ona, na mlango umefungwa. Sisemi haya kukulaumu. Ni dalili ya jinsi ulivyojifunza mapema kwamba kuna masikio kila mahali.

Nikikuelewa, umeuliza mambo matatu yaliyosokotana: hofu yako inatoka wapi, kaka yako ufanye naye nini, na ubaki au uondoke. La tatu ndilo linalokunyima usingizi, lakini ndilo la mwisho kuamuliwa. Tuanze na hofu, ila kwanza niondoe dhana moja ambayo utaisikia sana ukianza kuzungumza na watu wa nje.

Watakuambia kwamba dini yenye masharti mengi ni kifungo, na wanaokaa humo wamepumbazwa. Si kweli, na ukiliamini hilo utashindwa kuelewa kwa nini unawapenda. Mwaka 1994 mwanauchumi Laurence Iannaccone wa Marekani alieleza kwa nini makanisa makali mara nyingi huwa na nguvu kuliko yale malegevu. Masharti magumu huwachuja wanaotaka kufaidi bila kutoa, na wanaobaki ni watu waliokwisha kulipa gharama, kwa hiyo wanaaminiana na wanasaidiana kwelikweli. Miaka tisa baadaye Richard Sosis na Eric Bressler walichunguza jumuiya 83 za Marekani ya karne ya 19, watu waliohamia kuishi pamoja kwa imani ya dini au kwa itikadi ya kisiasa. Miongoni mwa zile za kidini, zilizodai mambo mengi zaidi kwa wanachama wake, mavazi, vyakula, kujinyima, ndizo zilizodumu muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo wale waliokaa na mama yako mwaka mzima baada ya msiba hawakuwa wanaigiza. Ule ulikuwa upendo, na masharti yalisaidia kuujenga. Wewe huna sababu ya kuwageuza kuwa wabaya ili upate haki ya kuumia.

Lakini utaratibu huohuo una upande wa pili. Jumuiya ikiwa ndiyo inayokupa marafiki, mchumba, mtu wa kukuuguza, pengine hata kazi, basi kila kitu chako kimewekwa kapu moja, na wanaolishika kapu wana nguvu ambayo hakuna aliyewapigia kura kuwa nayo. Wanaweza wasiitumie vibaya kwa miaka mingi. Siku wakiitumia, huna pa kukimbilia. Ukali wa masharti peke yake hauniambii kama jumuiya inaumiza watu. Mimi huuliza jambo jingine: mtu akisema hapana, au akiuliza swali, kinamtokea nini? Ziko jumuiya kali sana ambamo kijana akiuliza anajibiwa, na akiondoka mama yake anaruhusiwa kumpikia. Ziko jumuiya zenye muziki mzuri na nguo za kisasa ambamo anayehoji hesabu za sadaka anatangazwa adui madhabahuni. Hizo za pili zinanitia wasiwasi zaidi.

Wewe uliuliza swali, na jibu ulilopewa lilihusu hali ya roho yako. Swali lenyewe halikujibiwa. Huo ndio mtindo ninaotaka uutambue, kwa sababu ukishautambua utauona mara nyingi: mtu anauliza juu ya jambo, anajibiwa juu yake yeye. Mjadala unahama kutoka "je, ni sahihi mama asile na mwanawe" kwenda "wewe una shida gani". Ukiondoka hapo unakwenda kujichunguza, na lile swali linabaki palepale.

(Mimi si mtu wa theolojia, lakini ule mstari wa kuasi na uchawi upo 1 Samweli 15. Soma sura nzima. Anayeambiwa maneno hayo ni mfalme Sauli, mtu mwenye mamlaka kuliko wote nchini, na anayemwambia ni nabii aliyekuja kumtaka atoe hesabu. Namna mstari huo ulivyokuja kutumika kumnyamazisha binti wa miaka 26 aliyeuliza kwa adabu ni habari ambayo wachungaji wanaosoma hapa wataielezea vizuri kuliko mimi.)

Sasa hofu. Mtoto hufundishwa kuogopa kabla hajaweza kupima anachoambiwa. Ukiwa na miaka mitano, ukaambiwa kuna moto usiozimika na kwamba kuna anayekuona hata gizani, hukupata nafasi ya kulipima jambo hilo. Mwili ulilipokea: moyo kwenda mbio, tumbo kukaza, macho kukataa kufumba. Baada ya hapo kila wazo linalofanana na kuasi linauamsha mwili uleule, kwa kasi kuliko akili inavyoweza kuuliza "kwani nimefanya nini?" Hofu ya namna hii ni kama mbwa aliyefundishwa kumbwekea kila apigaye hodi. Hajui mgeni, hajui mwizi. Kubweka kwake kunakuambia tu kwamba mtu yupo mlangoni.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba hofu yako ni ushahidi wa onyo la Mungu. Ninawajua watu walioacha kuamini kabisa miaka mingi iliyopita, watu wanaotetea msimamo wao mchana kutwa, ambao radi ikipiga usiku bado wanajikuta wametoka kitandani kutubu. Hofu yao haithibitishi kwamba jehanamu ipo, na wala haithibitishi kwamba haipo. Inathibitisha kwamba walifundishwa vizuri. Hilo lipime pande zote mbili: usiitumie hofu kuamua kubaki, na usiichukie kiasi cha kuitumia kuamua kuondoka.

Kuna jambo linaloifanya izidi badala ya kupungua, nalo ni jitihada yako ya kuifukuza. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio ambalo sasa linafundishwa karibu kila darasa la saikolojia. Waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia akilini wapige kengele. Kengele ililia tena na tena. Walipoambiwa baadaye kwamba sasa wanaruhusiwa kumfikiria, wakamfikiria kuliko wale ambao hawakuwahi kukatazwa. Shaka uliyoambiwa ni roho chafu inafanya kazi vivyo hivyo. Ili uhakikishe haipo, inabidi uitafute. Ukiitafuta, utaikuta. Ukiikuta, unaogopa, unatubu, unapata nafuu ya nusu saa, na ubongo unajifunza kwamba nafuu inakuja kwa njia hiyo. Kesho yake unahitaji kutubu zaidi kidogo ili upate nafuu ileile. Kwa hiyo daftari lililokuwa na mistari mitatu sasa lina kurasa.

Niseme waziwazi kuhusu daftari hilo, kwa sababu ndilo lililonitia hofu kuliko kutengwa kwa kaka. Mtu anayeandika kama dhambi kwamba alicheka kupita kiasi kazini amevuka mpaka wa kuichunga dhamiri yake. Kuna hali inayotambuliwa kitabibu, tawi la ugonjwa wa fikra sumbufu na vitendo vya kujirudiarudia, ambayo huvaa vazi la dini: mtu hatosheki kwamba ametubu, anahesabu, anarudia, anatafuta kuhakikishiwa. Sikupimi kwa barua, na asikupime mtu yeyote kwa barua. Nasema tu kwamba dalili ulizozitaja zinafanana nayo kiasi cha kustahili kuonwa na mtaalamu uso kwa uso.

Dini zenyewe ziliijua hali hii zamani kabla ya madaktari. Ignatius wa Loyola, aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, aliishi nayo kule Manresa, Hispania, mwaka 1522. Aliungama, kisha akahisi hakuungama vizuri, akaungama tena, na alifikia mahali pa kutaka kujitupa shimoni afe. Muungamishi wake alimwambia asirudie dhambi za zamani isipokuwa zile zilizo wazi kabisa. Haikumsaidia, kwa sababu yeye aliziona zote wazi kabisa. Wanazuoni wa Kiislamu nao kwa karne nyingi wameandika juu ya mtu anayerudia udhu na kurudia nia ya sala akishuku haikutimia, na nasaha yao ya kudumu ni kwamba asiufuate wasiwasi huo. Naleta mifano hii ili ujue kwamba unaweza kutibiwa hili bila kuiacha imani yako. Tiba inayotumika zaidi humzoesha mtu, hatua kwa hatua na kwa makubaliano, kuvumilia hofu bila kukimbilia kile kitendo cha kuituliza, mpaka mwili ujifunze kwamba hofu hupanda na kushuka yenyewe. Dawa nazo zipo kwa wanaozihitaji.

Ukingoja miadi, fanya jambo dogo. Usilichome daftari, kuchoma ni tendo kubwa na usiku huohuo utaanza jingine. Ahirisha tu. Likikuita saa nne usiku, mwambie huyo anayekuita kwamba utaandika kesho saa sita mchana, mezani, kwenye mwanga, kwa dakika kumi. Mara nyingi mchana ukifika nusu ya orodha haionekani kama dhambi tena. Na usimwombe mama wala mtu mwingine akuthibitishie kwamba hukukosea, kwa kuwa kuthibitishiwa nako ni sehemu ya mzunguko uleule.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Huko kukosa usingizi na kuandika kunaweza kuwa. Kuhoji kwako si ugonjwa. Tangu mwaka 1994 mwongozo wa magonjwa ya akili wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani una kipengele cha matatizo ya kidini na kiroho, ambamo limo suala la kutilia shaka imani na la kuipoteza, na kimewekwa makusudi miongoni mwa mambo yanayostahili kushughulikiwa bila kuitwa maradhi. Mtandaoni utakutana na watu wanaoongelea kiwewe cha kidini kama jina la ugonjwa. Jina hilo linawasaidia wengi kujieleza, lakini halimo katika orodha rasmi za magonjwa, na hulihitaji ili uaminike unapomwambia daktari kwamba hulali.

Kuna utafiti mmoja ambao huwa nawaeleza waumini na wasioamini kwa usawa. Mwaka 2001 Kenneth Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 596 waliolazwa hospitali, wenye miaka 55 na zaidi, kwa takriban miaka miwili. Waliohisi kwamba Mungu amewaacha, waliotilia shaka kwamba anawapenda, au walioamini kwamba shetani ndiye aliyewaletea ugonjwa, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya kuzingatia afya yao ya mwili na ya akili. Usinielewe vibaya, mashaka hayajaua mtu. Ninachokichukua hapo ni kwamba imani si kitu kimoja. Pargament ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtu anayemwona Mungu kama mshirika katika taabu anavuna nguvu kwenye dini ileile ambayo jirani yake, anayemwona kama askari wa zamu, anavuna maradhi. Wewe ulilelewa na picha zote mbili kwa pamoja. Kwenye msiba wa baba ulikutana na ya kwanza. Sasa umebaki na ya pili.

Tuje kwa kaka yako. Kutengwa ni adhabu ya kale sana na imegawanya waumini siku zote. Mwaka 1693 Jakob Ammann alijitenga na ndugu zake wa Kianabaptisti, Wakristo wanaobatiza watu wazima tu, huko Ulaya, mojawapo ya sababu kubwa ikiwa kwamba yeye alitaka waumini wasile hata chakula na aliyetengwa, na waliomfuata ndio Waamish wa leo. Kwa hiyo swali lako juu ya sahani ya chakula liliwahi kuulizwa na waumini wenye bidii kuliko sisi sote, na hawakuafikiana.

Wanaoitumia adhabu hii husema ni upendo wa kumrudisha mtu. Wengine wanaamini hivyo kwa dhati. Lakini tunajua inavyofanya kazi mwilini. Kipling Williams ametengeneza mchezo mwepesi wa kompyuta ambamo watu watatu wanarushiana mpira, kisha wawili wanaacha kumrushia wa tatu. Dakika chache tu, na wageni asiowajua, tayari mtu anahisi si wa mahali popote, thamani yake imeshuka, hana uwezo juu ya lolote. Mwaka 2003 yeye na Naomi Eisenberger na Matthew Lieberman waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakicheza mchezo huo, wakaona sehemu zinazohusika pia na maumivu ya mwili zikiamka. Tafsiri ya picha hizo bado wataalamu wanaijadili, ila kwamba kutengwa kunauma hakuna anayebisha. Hapo ni mpira wa kompyuta. Kwa kaka yako ni mama.

Na kuna upande ambao nadhani hakuna aliyekuambia. Mwaka 2013 Nicole Legate na wenzake waliugeuza mchezo ule: wakawaagiza washiriki wao ndio wamtenge mtu mwingine. Waliotii agizo hilo walitoka na huzuni, aibu na hisia ya hatia zaidi ya wale ambao hawakuagizwa hivyo, na walijiona hawana hiari. Mama yako analia chumbani kwa sababu anafanya kitu kinachomuumiza anayekifanya. Wewe pia. Unadhani hatia unayoisikia usiku ni ya kuuliza swali. Mimi najiuliza kama sehemu yake si ya kutompigia kaka simu.

Harusini uende? Sitakuamulia, lakini nitakupa namna ya kulipima. Fikiria wewe ukiwa na miaka 40. Kuitwa na wazee kutakuwa kumbukumbu mbaya ya wiki kadhaa, labda miezi. Kukosa harusi ya kaka yako hakurudishiki. Kwa upande mwingine, ukienda ukatengwa na wewe, mama atabaki peke yake katikati, na huenda hujajiandaa kwa hilo mwezi huu. Kati ya kwenda na kutokwenda pia pana nafasi. Unaweza kumwandikia kaka leo, kwa mkono wako, kwamba unampenda na unamfurahia mkewe. Unaweza kukutana nao kabla au baada. Ukiamua kwenda, mwambie mama mapema, kwa maneno machache, usimwombe ruhusa na usimwombe akufiche: "Mama, nitakwenda kwa kaka. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Ukiulizwa, sema ukweli." Hapo unamwondolea mzigo wa kudanganya kwa ajili yako.

Sasa, kubaki au kuondoka. Watu wakisikia dini iliyoumiza watu hukumbuka Jonestown, makazi ya kundi moja la kidini nchini Guyana, Novemba 1978, ambako zaidi ya watu 900 walikufa, au Shakahola nchini Kenya, ambako kuanzia mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za waumini, wengi wao waliofunga hadi kufa. Kisha hutazama kwao na kusema, sisi hatuko hivyo. Ni kweli hawako hivyo. Tatizo la mfano mkubwa ni kwamba unafanya madhara madogo ya kila siku yaonekane si kitu, na walio wengi huumizwa na hayo madogo.

Njia zako si mbili. Wapo wanaobaki na kuweka mipaka: wanasali, wanahudhuria, lakini hawaungami kila wazo na hawaripoti wenzao. Hilo linawezekana pale ambapo viongozi wanavumilia kimya. Wapo wanaohamia kusanyiko jingine la imani ileile au inayokaribiana, na wengi hupona huko, ingawa nyumbani watahesabiwa wamepotea. Wapo wanaoondoka kabisa. Wanaoondoka sitakudanganya juu yao: hupata pumzi, na hupata pia huzuni inayofanana na ya msiba, bila watu wa kuja kuwapa pole. Jumapili inakuwa ndefu. Hawajui utani wa wenzao kazini, hawajui nyimbo, hawajui jinsi ya kuamua mambo bila kuuliza. Na upweke huo ni hatari, kwa sababu mwenye kuzoea kuongozwa hunaswa kirahisi na kundi jingine, au mchumba, mwenye sauti ileile ya amri.

Ndiyo maana nasema usiamue sasa. Uamuzi unaofanywa bila usingizi hufanywa na hofu. Kwanza rudisha vitu vichache mikononi mwako. Usingizi, kwa matibabu. Mtu mmoja wa nje anayekujua, hata mfanyakazi mwenzako uliyecheka naye siku ile. Ule urafiki ni mwanzo mzuri. Vyeti vyako na kitambulisho viwe mahali unapovifikia wewe. Mshahara wako uingie kwenye akaunti yako, na unachotoa kanisani kiwe kiasi ulichoamua ukiwa umetulia. Hakuna hata kimoja katika hivi kilicho uasi, na vyote vitakufaa hata ukibaki maisha yako yote.

Ujue pia kwamba kwa kipimo cha dunia, kuondoka na kubaki vyote ni haki yako. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 18, linataja kwa jina uhuru wa kubadili dini. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966 unaongeza kwamba asiwepo mtu wa kushurutishwa kwa namna inayovunja uhuru huo. Sheria haiwezi kumlazimisha mama ale na mwanawe, lakini inaweza kukulinda ukitishwa, ukifungiwa ndani, ukinyang'anywa mali au ukilazimishwa ndoa.

Kumpoteza mama ndilo lililo zito, na hapo nina la kusema kidogo tu. Mama ametii, lakini analia. Mtu anayelia hajamaliza kuamua. Usimwingize kwenye mjadala wa mafundisho, maana huko atalazimika kuwa upande wa kanisa. Zungumza naye juu ya kaka alipokuwa mdogo. Mwache akumbuke bila kumwomba achague. Nimeona familia zilizofungua mlango baada ya mjukuu kuzaliwa, nimeona pia ambazo hazikufungua, na sijui yako itakuwa ipi.

Usingoje chochote kati ya haya yakikutokea: kuwaza kujidhuru au kutamani usiamke, kushindwa kwenda kazini, kufunga kula kwa siku nyingi ili kujisafisha, kuambiwa uache dawa ulizoandikiwa. Siku hiyohiyo nenda hospitali, idara ya dharura kama ni usiku, na mwambie mtu mmoja asikuache peke yako. Na kama katika yale uliyoungama au kuungamiwa kuna mtoto aliyeguswa au kupigwa, hilo liende polisi na kwa ustawi wa jamii, hata kama wazee watasema wanalimaliza wenyewe. Tume ya kifalme ya Australia, iliyowasikiliza watu waliodhulumiwa kingono utotoni kuanzia 2013 hadi 2017, ilikuta katika taasisi nyingi za kidini kwamba kulimaliza ndani ndiko kulikowapa wakosaji miaka zaidi ya kuendelea.

Kwa miadi ya kawaida, tafuta mwanasaikolojia au daktari wa akili, na kikao cha kwanza mpelekee hilo daftari, halihitaji maelezo mengi. Muulize mambo mawili kabla hujamwamini: kama amewahi kutibu fikra sumbufu za kujirudiarudia, na kama anaweza kukusikiliza bila kukuvuta ubaki wala kukuvuta utoke. Asikuombee kikaoni kama hujamwomba. Asiicheke imani yako. Akishindwa hayo mawili, mshukuru, lipa, na utafute mwingine. Wa pili au wa tatu ndiye huwa anafaa, na kubadilisha mtaalamu hakuhitaji kibali cha mtu.